Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vikorogeo vya Hamira

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba salio la chama chetu cha watengeneza bia wa nyumbani limepanda kwa sababu tuliacha kununua vikorogeo vya dukani, yaani vyombo vya kukoroga hamira ya bia, tukaunda vyetu.

Kwa waliojiunga karibuni: pakiti mpya ya hamira ya maji huwa na seli kama bilioni 100, nazo hufa kadiri inavyokaa. Ale (bia inayochachuka kwenye joto la kawaida) ya lita 20 yenye nyuzi 12 za Plato, kipimo cha sukari kabla ya kuchachuka, inataka karibu bilioni 180; lager, inayochachuka kwenye baridi, maradufu. Ndiyo maana hamira huzalishwa kwanza katika maji ya kimea, gramu 100 za unga wa dondoo ya kimea kwa lita, yaliyochemshwa na kupozwa. Ikikorogwa mfululizo hupata hewa na kuongezeka kuliko ikiachwa itulie.

Chombo chenyewe ni feni ya kompyuta ya volti 12 ndani ya boksi, sumaku za hadidiski iliyokufa juu ya feni, na kijiti cha sumaku ndani ya chupa ya kioo. Kazi iko kwenye sumaku. Zikienda upande kidogo tu, feni hutetemeka na kijiti hurushwa pembeni. Mafundi wetu walizinasisha kwenye washa ya chuma (kisahani chenye tundu), wakazisogeza kwa kidole mpaka mtetemo ukaisha, ndipo wakatia gundi. Kuhusu mwendo, wapo waliong'ang'ania kile kitufe kidogo cha kuzungusha, kifungwe moja kwa moja kwenye waya wa feni. Kinaungua. Kamati imepitisha LM317, kifaa kidogo cha kurekebisha volti, na kwangu mjadala umefungwa.

Mzee mmoja alisema mbege, pombe ya ndizi ya kwao Kilimanjaro, haikuhitaji feni. Kweli, lakini mbege hunywewa mapema. Lager hukaa wiki nyingi, na kijidudu kilichoingia hupata nafasi ya kuiharibu. Kwa hiyo chupa ioshwe, itiwe dawa, ifunikwe kwa karatasi ya alumini iliyolegea, si kizibo.

Ombi la kuuza bia yetu harusini tumelikataa. Sheria ya shirikisho hapa Marekani inaruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba ya mtu mzima mmoja, 200 wakiwa wawili au zaidi, na si za kuuza.

Vikorogeo vya chama vinaazimwa kwa wiki moja, kwa saini. Walionavyo tangu Pasaka wavirudishe kabla ya uchaguzi. Chupa zilizovunjika zitalipwa na waliozivunja; mnajijua.