Daktari, ulipima mfupa au umri?

Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize jambo madaktari wanaotukadiria ulemavu tunapoumia kazini.

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni, nina miaka 57. Mwaka jana, alfajiri, nikiwa na ndoo ya uji, niliteleza kwenye maji yaliyokuwa yakivuja chini ya sinki wiki nzima. Nikajikinga kwa mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Hogo lilipotolewa kilibaki kimepinda kama mgongo wa uma. Leo siwezi hata kukamua kanga, sembuse kusonga ugali wa wanafunzi mia nne.

Daktari wa tathmini aliniambia nimbane vidole viwili, akainua eksirei dirishani, akaigonga kwa kalamu: “Mama, hii ni mifupa ya umri.” Kwenye fomu akaandika osteoporosisi ya uzee, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua na kuvunjika upesi, akagawa ulemavu: nusu ajali, nusu umri. Dakika kumi hazikufika.

Sikatai, mwanamke akishakoma hedhi mifupa hupungua, tena kwa kasi miaka ya mwanzo. Kijana wa stoo aliteleza palepale siku mbili kabla yangu, akainuka anacheka. Lakini ugonjwa huu una kipimo chake, DEXA, eksirei maalumu ya kupima wingi wa mfupa, na Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango tangu 1994: alama ya kipimo hicho ikiwa -2.5 kushuka chini, ndipo unao. Mimi sikupimwa. Eksirei ya kawaida huchelewa mno kuonyesha mfupa uliopungua.

Na hata ningekutwa nao, mifupa hiyohiyo ilibeba ndoo jana yake bila kuniuma. Nilitaka aniandikie jambo moja tu: nisingeanguka, leo ningekuwa na ulemavu gani wa mkono?

Mwanangu amenisomea sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Mimi nisingefika huko kwenye pensheni. Ila yupo aliyevunjika nyonga akiwa na umri kama wangu, na neno “uzee” linatosha kumshusha chini ya mstari huo.

Nimeomba tathmini ya pili. Nitakwenda na picha ya lile sinki, mwenzangu wa jikoni kaipiga kwa simu juzi. Bado linavuja.

Mpishi,
Morogoro