Watoto wachanga wapimwe oksijeni kabla hawajatoka wodini

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba kajinafasi kwenye ukurasa wa barua.

Sie huku Pemba mtoto akiwa na midomo ya buluu tunasema baridi, au kijicho, basi anazinguliwa, ananyweshwa kombe na miezi inakwenda. Kuna mtoto mtaani kwetu hapa Wete, anacheza mpira na wenziwe mara unamuona kachutama katikati ya uwanja, midomo kama katoka kula zambarau, wenziwe wanamwita mvivu. Kumbe kule kuchutama ndo dawa yake, moyo wake una tundu baina ya vyumba vya chini na njia ya kwenda mapafuni imebana, akikunja miguu damu inasukumwa zaidi mapafuni anapata pumzi. Na hajafundishwa na mtu! Madaktari wanaita tetralojia ya Fallot, na operesheni ya kuwasaidia watoto hawa ilianza 1944 kule Baltimore, Marekani, kwa hiyo si jambo geni hata kidogo.

Huyo afadhali, moyo wake umempa muda. Wapo wanaozaliwa mishipa mikubwa miwili imebadilishana nafasi, damu yenye oksijeni inazunguka mapafuni tu haifiki mwilini, hawa wanatakiwa wapasuliwe wiki za mwanzo mwanzo. Sasa mtoto kazaliwa Micheweni, mama karuhusiwa kesho yake, mpaka mtu ashtuke, ipatikane rufaa, avushwe bahari mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar, au asubiri safari ya nje, jamani si keshakufa?

Ninachoomba Wizara ya Afya ni kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni, tulikizoea sote wakati wa korona. Mtoto akitimiza saa 24 apimwe mkono wa kulia na mguu mmoja. Ikisoma 95 kwenda juu na tofauti haizidi 3, aende nyumbani. Chini ya 90 aitwe daktari hapo hapo, katikati arudiwe baada ya saa moja. Hakuna sindano hakuna damu, ni dakika chache tu. Ila kiwe kile laini cha vichanga, cha watu wazima hakishiki. Najua hakikamati kila kitu, tundu dogo linapita, lakini hawa wa buluu wengi wataonekana.

Na wahudumu wetu waache kuwaambia wazazi "atakua tu huyo", maana mama wa huyu mtoto kaambiwa hivyo kila alipokwenda kliniki.

Mzazi,
Wete, Pemba