Wenzo uko kisimani

Mhariri,

Juzi binti yangu wa darasa la saba alikariri aina tatu za wenzo, yaani chombo kama mtaimbo cha kuinulia mzigo, bila kukwama, kama anayesoma dua. Nikamuuliza mpini wa bomba la kisima chetu ni aina gani. Kimya! Na maji tunayokunywa, anayeyapampu kila asubuhi ni yeye.

Nikampeleka pale pale. Kwanza ashike mpini karibu na egemeo, pale mpini unapogeukia: akaning'inia, chuma hakikusogea. Aliposhika ncha, maji yakatoka. Mkono ukiwa mbali na egemeo mara nne kuliko mzigo, inatosha kama robo ya nguvu, tukiacha msuguano; lakini utalipa kwa kusukuma mwendo mrefu zaidi. Hilo la mwisho mabega yake yalilijua kabla ya daftari.

Walimu wetu, najua mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, unawakimbiza na vifaa ni haba. Lakini toroli la fundi liko nje ya geti, na mwenye duka ana kifungua soda. Vyote viwili ni wenzo wa aina ya pili, mzigo uko katikati ya egemeo na mkono. Naomba nusu saa tu uwanjani, chaki ipumzike.

Mzazi,
Jinja