Kiebrania kifundishwe kwa Kiswahili vyuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu nilipohitimu shahada ya theolojia, nalo ni namna Kiebrania kinavyofundishwa kwa vijana wetu wa Arusha na Kilimanjaro wanaojiandaa kwa uchungaji na ualimu wa dini.

Nilijifunza lugha hiyo katika chuo kimoja cha kanda yetu, kwa vitabu vya Kiingereza vitupu. Herufi zake 22, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hazikututesa sana. Baada ya majuma machache tulikuwa tumezizoea, pamoja na zile alama za irabu ambazo wanazuoni wa Kiyahudi waliziongeza karne nyingi baada ya maandiko yenyewe. Kilichotuangusha ni vitenzi. Kitabu kilitumia kurasa nyingi kumweleza Mwingereza jinsi neno moja linavyoweza kubeba mtenda, tendo na mtendewa, nasi tukazikariri kurasa hizo kwa jasho, ilhali ni jambo ambalo mtoto wa Kitanzania hulisema kabla hajaanza shule.

Tazama baraka ya Hesabu 6:24. Neno la Kiebrania ni moja tu, "yevarekhekha", na Biblia yetu ya mwaka 1952 ikalitafsiri kwa neno moja vilevile: "akubarikie". Mtenda yuko mbele katika lugha zote mbili. Mtendewa Mwebrania humweka mwishoni, sisi humweka kabla ya mzizi. Tena mzizi wenyewe, b-r-k, ndio huohuo uliotufikia kupitia Kiarabu katika "bariki". Hakuna mwalimu aliyetuonyesha hilo. Vivyo hivyo "malakh" ni alitawala, na "himlikh" ni alimtawaza mtu awe mfalme; hiyo ni kauli ya kutendesha, tuliyoifanyia mitihani sekondari, lakini tulifundishwa kana kwamba ni ajabu ya Mashariki ya Kati.

Katika msamiati hali ni hiyohiyo. Mwanzo 2:7 husema mtu akawa "nafsi hai", na Kiebrania chake ni "nefesh hayya": maneno yote mawili ni ndugu wa yale tunayoyatumia kila siku. Ni kweli kwamba ndugu hawafanani kila mahali, kwa kuwa "shalom" hubeba amani, uzima na ukamilifu, wakati "salamu" kwetu imebaki zaidi katika maamkizi. Lakini onyo hilo nalo atalitoa vizuri zaidi mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili.

Faida yake huonekana mimbarani. Katika Yeremia 1 nabii anaona ufito wa mlozi, kisha Mungu anasema analiangalia neno lake ili alitimize. Msikilizaji wa Kiswahili hawezi kujua mti huo unahusianaje na kuangalia, mpaka aambiwe kwamba mlozi ni "shaqed" na mwenye kuangalia ni "shoqed".

Ninaviomba vyuo vyetu vinavyofundisha theolojia vikae pamoja, viandike sarufi ya Kiebrania kwa Kiswahili pamoja na kamusi ndogo, na kwa upande wa istilahi viombe msaada wa TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo watakaosema kwamba lugha ya vyuo vikuu ni Kiingereza, na kwamba fafanuzi nyingi za Biblia zimeandikwa kwa lugha hiyo. Sipingi mwanafunzi kuzisoma. Ninachopinga ni kumpitisha kwenye lugha ya tatu ili afike mahali ambapo lugha yake imekwisha kumfikisha.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilianza kuandika maana za vitenzi kwa Kiswahili pembeni mwa daftari langu. Daftari hilo nimempa kijana wa usharika wetu anayeanza masomo mwaka huu. Limechakaa, lina makosa yangu ya wakati ule, na kwa sasa halina nakala nyingine. Anastahili kitabu kilichochapwa.

Wako katika huduma,
Mchungaji wa usharika,
Moshi, Kilimanjaro