Safari ya baiskeli kando ya Kivu ianze na mahali pa kushukia

Bwana Mhariri,

Vijana kadhaa wa mtaa wetu wa Himbi, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wanapanga matembezi ya baiskeli ya Jumapili kandokando ya Ziwa Kivu kwa msimu wa kiangazi, yaani kuanzia mwezi wa sita, ikiwa hali ya usalama itaruhusu. Wanataka mwendo wa polepole, ambao hata mzee wa miaka 60 anaweza kuufuata pamoja na wajukuu zake. Waliniomba niwachoree njia, kwa kuwa nimeendesha baiskeli katika mji huu tangu kabla ya lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002. Nilipokaa na karatasi nikaona kwamba umbali si shida hata kidogo. Shida ni kupata mahali ambapo mtu anaweza kushuka, akanawa uso kwa maji ya ziwa na kupumzika bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Kutoka mjini hadi Sake ni kilometa kama 25 kwa barabara kuu, na asiye na haraka anaweza kuzimaliza kwa asubuhi moja. Lakini katika sehemu kubwa ya mitaa iliyo ufukweni ziwa halionekani: upande mmoja kuna ukuta wa mawe meusi, unafuatwa na lango la chuma, kisha ukuta mwingine. Jumapili moja mwezi uliopita nilipita huko na wapwa wangu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 12. Mdogo aliniuliza mara tatu, “Mjomba, ziwa liko wapi?” ilhali mawimbi tulikuwa tunayasikia. Kwenye lango moja mlinzi alitueleza kwa upole kwamba tunaweza kuingia mradi kila mmoja wetu anunue kinywaji. Nilihesabu pesa nilizokuwa nazo, nikawageuza watoto. Tulikunywa maji ya chupa yetu tukiwa tumesimama juu ya lava kando ya barabara, tumeligeuzia ziwa mgongo.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inatamka kwamba ardhi ni mali ya Serikali isiyoweza kuuzwa, na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inayahesabu maji ya nchi kuwa mali ya umma. Siombi nyumba ya mtu ibomolewe. Ninaomba vichochoro vichache ambavyo bado vinafika majini viachwe wazi, vipimwe, viwekewe kibao, na visiendelee kumezwa na uzio mmoja baada ya mwingine kila mwaka. Ng’ambo ya mpaka, pale Gisenyi nchini Rwanda, ufukwe wa mchanga uko kando ya barabara na yeyote anaukanyaga. Tena kutoka Rubavu hadi Rusizi imewekwa njia ya kilometa 227 kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Maji ni yaleyale.

Kituo cha kwanza nilichoandika kwenye karatasi ni Kituku. Najua wengine watashangaa, kwa sababu Kituku ni soko na gati la mitumbwi, si mahali pa kutandika taulo. Hata hivyo pale hakuna anayekuuliza umefuata nini. Utakuta akina mama wakipakua maharage na ndizi za Idjwi na Minova, watoto wakijaza bidoni za njano, na sambaza wakiuzwa, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Pangejengwa choo safi, pakawekwa mabenchi mawili chini ya mti na pipa la takataka, wenye soko wangefaidika kabla ya waendesha baiskeli. Nawasihi pia vijana wawapishe wenye chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayobeba mizigo. Chukudu iliyobeba magunia ya makaa ikishika mteremko, breki yake ni kipande cha mpira wa tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo haisimami ghafla hata mwenyewe akitaka.

Kuna jambo lingine ambalo naliona zito kuliko yote. Magharibi ya mji, kuanzia Lac Vert na Bulengo kuelekea Nzulo, kuna mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia mabondeni kama maji ndani ya beseni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Mchana jua na upepo huitawanya, lakini usiku na alfajiri hukaa palepale, na mbuzi au mtoto huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama, kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Mwendesha baiskeli aliyechoka akijilaza kwenye nyasi za bondeni amejiweka katika kimo cha mbuzi. Kwa hiyo nimepanga tuondoke bandarini saa moja asubuhi, tukawie Kituku, na tusifike upande wa Nzulo kabla ya saa nne. Hakuna kituo kitakachowekwa bondeni kabla ya kuulizwa wenyeji wa pale, ambao wanayajua mashimo hayo moja moja.

Karatasi yangu bado ina mapengo, hasa kati ya bandari na Kituku. Naomba msomaji yeyote anayejua kichochoro ambacho bado kinafika majini aliandikie gazeti lako, ataje avenyu kilipo na aseme kama baiskeli inaweza kupita.

Mkaaji wa Himbi,
Goma