Akina mama wa Freedom Corner wana majina

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua. Mengi mmeyachapisha ya kukera miaka hii yote, nami nimekuwa nikigeuza ukurasa na kuendelea na chai yangu. Lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu akina mama waliogoma kula bustani ya Uhuru Park, Nairobi, imenishinda kumeza. Kichwa chake kimenishinda, na ile picha ya bibi aliyevua nguo mliyoijaza nusu ukurasa imenishinda zaidi.

Mwandishi wenu anasema Wangari Maathai, yule mwanaharakati wa mazingira, aliongoza wanawake kuvua nguo mbele ya polisi. Hapana. Siku hiyo, Jumanne ya Machi 3, 1992, Wangari alipigwa akazimia, akabebwa kupelekwa hospitalini. Waliovua nguo walikuwa baadhi ya wale mama wazee, akiwemo Ruth Wangari Thungu, na walivua polisi walipokwisha kuingia na marungu na vitoa machozi kuwatawanya watu waliokuwa wameketi chini. Hakuna aliyewaongoza. Mama wa Kikuyu akimvulia nguo kijana wa rika la mwanawe, hiyo ni laana, na kijana yeyote aliyelelewa anaijua bila kufafanuliwa. Ndiyo maana askari wengine waligeuza nyuso. Mwandishi wenu ameyafupisha hayo yote kuwa "kioja". Nani alimfundisha kazi?

Na kabla ya hiyo dakika mbili mliyoipenda, kulikuwa na nini? Makala haisemi. Basi niseme mimi. Ijumaa ya Februari 28 akina mama hao walikwenda hadi ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, wakiwa na ombi moja: wafungwa wa kisiasa 52 waachiliwe, kwa sababu Desemba iliyotangulia kifungu cha 2A cha Katiba kilikuwa kimefutwa na vyama vingi vimeruhusiwa. Kama kudai vyama vingi si kosa tena, vijana wetu wanakaa jela kwa kosa gani? Wakaambiwa suala lao litaangaliwa, waende nyumbani wasubiri. Wakasema sawa, tutasubiri, lakini tutasubiri pale bustanini. Wakaketi kwenye ile pembe ya Uhuru Park iliyokuja kuitwa Freedom Corner. Hawakuja na jiwe, hawakuja na panga, hawakumtukana mtu. Walikuja na mablanketi, wakaimba nyimbo za dini, wakakataa kula. Monica Wangu alikuwa pale kwa ajili ya mwanawe Koigi wa Wamwere. Milcah Wanjiku kwa ajili ya Rumba Kinuthia. Majina haya hayakuwa siri wakati ule, sijui yamekuwa siri lini. Watu wakaanza kuja, hata wanaume wazima waliokuwa hawajawahi kuwaambia wake zao walichotendwa na polisi wa siri, wakasimama mbele ya umati wakasimulia. Katika nchi ambayo ulikuwa ukitaka kumtaja Rais unatazama kwanza nani amekaa nyuma yako kwenye matatu! Hilo, Mhariri, ndilo lililoitia serikali kiwewe. Bibi kizee aliye uchi halitishi jeshi. Watu wasioogopa tena kusema ndio wanaolitisha.

Halafu makala yenu inaishia pale pale kwenye marungu, kana kwamba polisi walipiga, akina mama wakalia, wakaenda zao, na miaka kumi na miwili baadaye Wangari akapewa Tuzo ya Nobel. Huu ndio uongo ulionifanya nitafute kalamu. Akina mama walikamatwa, wakatiwa kwenye magari ya polisi, wakarudishwa kwao kwa nguvu. Wakarudi Nairobi. Walirudi mmoja mmoja, kwa nauli za kuchangiwa, wakaingia Kanisa Kuu la All Saints, ng'ambo tu ya ile bustani, na kanisa likawapa chumba cha chini ya ardhi. Wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mwaka, Mhariri! Mimi nilikuwa mwalimu mjini wakati huo, na tuliokuwa tukijua tulikuwa tukipitisha vitu: uji kwenye thamosi, sukari, sabuni ya kipande. Nawakumbuka wameketi kwenye mabenchi, sakafu ya saruji baridi ajabu, leso mabegani, wengine wanafuma vikapu vya kiondo huku mmoja anasoma Biblia kwa sauti ya chini, na nyuzi za mkonge zimetapakaa miguuni mwao kama wako nyumbani kwao wanangoja wajukuu watoke shule. Polisi walikuwa nje. Kila aliyeshuka ngazi zile alijua kuna mtu anamwandika. Na wale mama hawakupandisha sauti. Ukiuliza habari wanakwambia nzuri. Ukiuliza mtatoka lini, wanakwambia watoto wakitoka. Uchaguzi wa Desemba 29, 1992 uliwakuta humo humo. Nchi nzima ikapiga kura, Rais Moi akashinda, wao wakabaki chini ya kanisa wakisubiri. Mwanzoni mwa 1993 vijana wakatoka karibu wote. Na hata hapo hayakuwa yameisha, kwa sababu Koigi alikamatwa tena mwaka huo huo, na Monica Wangu akaanza upya kuzunguka mahakamani na magerezani, mwanamke wa umri ule. Mwandishi wenu aliyemaliza hadithi Machi 3 amekata mwaka mzima wa kazi iliyofanywa kwa kuketi. Nafikiri ni kwa kuwa hakuna picha yake.

Lakini sitamlaumu yeye peke yake. Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya wasichana, siitaji, nizungumze nao juu ya mashujaa wanawake wa Kenya. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikapanda matatu mbili. Mwalimu aliyenipokea, kijana mwenye adabu zake, akanivuta kando kabla hatujaingia ukumbini. "Mwalimu," akaniambia, "tunaomba ile ya nguo uiache. Na ya serikali ukiweza, maana mgeni wetu wa heshima anatoka huko huko juu. Wewe waongeleshe miti." Miti! Nikasema vizuri, nitaanza na miti. Nikawaambia wasichana kwamba mwaka 1989 huyo Wangari wa miti alipinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, na Rais akamwambia hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika mwenye heshima huwasikiliza wanaume akanyamaza. Nikasema, jengo halikujengwa, na kwenye nyasi hizo hizo ndipo akina mama walipoketi miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo ukiongea miti umeongea serikali, hamna njia ya kuzunguka. Msichana wa mstari wa mbele akainua mkono akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Kwani Wangari Maathai alikosana na serikali?" Nilipofungua mdomo kujibu, kipaza sauti kikapata hitilafu. Hitilafu ya ghafla tu, ikapona mgeni wa heshima aliposimama. Baadaye tukapelekwa uwanjani kupanda mche. Mgeni wa heshima akapigwa picha ameshika jembe jipya, karatasi ya bei ikiwa bado imebandikwa kwenye mpini, na mche wenyewe ukafukiwa na mfuko wake mweusi wa nailoni. Nikamwambia mtunza bustani autoe ule mfuko. Akaniambia, mama, ngoja magari yaondoke kwanza.

Sasa wasichana wale ndio wasomaji wenu wa kesho, na ninyi ndio mmewaletea bibi aliye uchi, bila jina, na kichwa cha habari cha kuchekesha. Mwanamke yule ana wajukuu. Wajukuu hao wana simu. Mlimwomba nani ruhusa?

Na kwa kuwa nimekwisha kuanza, acha niseme na hili jingine, maana ni ndugu ya hilo. Tunapanga foleni Nyayo House kutafuta pasipoti, na chini ya miguu yetu, kwenye orofa ya chini ya ardhi ya jengo lile lile, ndimo vijana wa akina mama wengi walimowekwa kwenye maji, wakapigwa mpaka wakiri mambo ya Mwakenya, lile kundi la siri la kupinga serikali ya Moi. Watu wanapita pale kila siku na fomu mkononi na hakuna anayewaambia. Na pasipoti zenyewe ni za nini? Nusu ya foleni ni wasichana wanaokwenda Saudia kuwa yaya. Mtaani kwangu yupo mama aliyekwenda uwanja wa ndege kumpokea binti yake sehemu ya mizigo, kwenye sanduku, na karatasi ya Kiarabu ambayo hakuna aliyemsomea. Yeye naye amekaa kwenye ngazi za ofisi nyingi akisubiri kuambiwa mwanawe aliuawa na nini. Huyo mbona hamumwandiki? Au mnangoja naye avue nguo?

Tena msiniambie hayo ya akina mama kupigwa ni ya enzi za Moi. Julai 6, 2025, siku moja kabla ya Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya kudai vyama vingi, akina mama walikusanyika katika ofisi za KHRC, shirika la kutetea haki za binadamu, kule Nairobi kuwaambia wanahabari kwamba wamechoka vijana wao kukamatwa ovyo na kuuawa. Wakavamiwa na wahuni wenye rungu mchana kweupe. Safari hii hata sare hazikuvaliwa. Gazeti lenu liliandika habari hiyo, nakiri, na siku mbili baadaye mkarudi kwenye mambo ya nani atamuunga nani mkono uchaguzi wa 2027.

Nisiseme tu bila kutoa dawa. Napendekeza mwandishi wenu atumwe pembe ya Uhuru Park kuanzia Februari 28 ijayo hadi Machi 3, alale pale siku nne, blanketi moja, maji ya kunywa bila chakula. Simu aiache ofisini, asije akajipiga picha. Kila atakayepita na kumuuliza anafanya nini, amjibu kwa upole, bila kupandisha sauti hata akitukanwa. Akimaliza, ashuke kwenye kile chumba cha chini ya kanisa akae mwaka. Sawa, mwaka ni mwingi, ana kodi ya nyumba, akae wiki. Halafu ndipo aandike makala ya maneno 800 na nitaisoma neno kwa neno.

Ikiwa bajeti hairuhusu, basi fanyeni la rahisi. Chapisheni sahihisho, ukurasa ule ule, herufi zenye ukubwa ule ule, mseme Wangari Maathai hakuongoza mtu kuvua nguo, kisha mwapange wale mama kwa majina yao kamili, na mbele ya kila jina mwana aliyekuwa akimdai. Kumbukumbu zenu za 1992 zimo ghalani, nina hakika, maana wapiga picha wenu walikuwepo. Na msilibandike sahihisho lile mahali mnapoyafichaga yote, pale chini pembeni, kati ya tangazo la kamari na lile la mashamba ya Kitengela.

Mwalimu mstaafu,
Thika