Mistari ya rangi tu, mbona ghali?

Sisi tunawafungia viwanda ubao wa ratiba kwenye programu zao, na kila tukipeleka ankara swali ni lile lile: "Yaani hii mistari ya rangi tu ndiyo bei hii?" Wiki iliyopita mteja katutumia na kiungo cha kalenda ya bure, pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kwa kifupi, katuona matapeli.

Haya. Ubao wa ratiba, ile skrini ambayo mpangaji anaburuta oda (ndizo hizo mistari ya rangi) kutoka mashine hii kwenda ile, hatuuandiki wote wenyewe. Tunanunua leseni ya kipande kilichotengenezwa tayari, tunakifunga kwenye programu yenu. Vya bure vipo. FullCalendar, kwa mfano, toleo la kawaida hulipii. Ila ule mwonekano wa mashine kushoto na saa zikienda kulia uko kwenye toleo la kulipia, na kiwanda kinautaka huohuo. Chati ya Gantt, ule mchoro wa kupanga hatua za mradi kwa tarehe, nayo inaipa kila hatua mstari wake. Oda 80 zenye hatua sita ni mistari 480. Nani ataiona mashine ipi iko wazi?

Kiwanda kimoja cha maboksi kilikataa bei yetu, kijana wao akaweka kalenda ya mikutano. Ilipendeza kweli. Tulipoitwa baadaye, mpangaji, mama mmoja mkimya, hakueleza kitu. Aliishika tu oda ya kuchapa ya Jumanne akaiburuta hadi Alhamisi, maana mashine ilikuwa mbovu. Kubandika gundi kukabaki Jumatano palepale. Yaani boksi lingegundishwa kabla halijachapwa! Zamu ya usiku nayo, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kalenda iliikata vipande viwili saa 6 usiku, na ripoti ikahesabu zamu mbili. Muda wa kuosha rola kutoka wino mweusi kwenda njano haukuwa na pa kukaa kabisa. Pembeni ya kompyuta kulikuwa na kaunta buku. Kiwanda kilikuwa kinaendeshwa na ile kaunta buku.

Kuing'oa ile kalenda na kusafisha data zake kuliwagharimu kuliko bei waliyoikataa mwanzo. Hatukufurahi, ingawa tulilipwa.

Siku hizi kabla ya kununua leseni tunaomba oda zenu za mwezi mzima, tunazipakia, kisha tunakaa na mpangaji wenu aburute mwenyewe kwenye kompyuta yake ileile ya zamani. Ubao ukigandaganda, tunajaribu mwingine. Hizo ndizo siku mbili zilizoandikwa "majaribio" kwenye ankara, na hatuzipunguzi.